UZI: Finishi halisi za kiwandani kwenye breki za V8 za Kimarekani, 1967–1970. Kipi chuma kitupu, kipi zinki, kipi cheusi

#1 ChumaKitupu

Wakuu, heshima kwenu.

Picha za Camaro, Chevelle na GTO zilizofufuliwa zina kosa linalojirudia: kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) nyekundu, dramu (ngoma za breki) za rangi ya fedha, masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) nyeusi inayong'aa. Camaro ya 1969 haikutoka kiwandani hivyo. Nafungua uzi huu tuweke pamoja finishi (umalizio wa uso wa chuma) halisi, jinsi ya kuzirudisha, na kinachoharibika mtu akikosea. Gari la mfano ni Camaro ya 1969 yenye diski mbele (chaguo J52), busta (kisaidizi cha nguvu ya pedali, chaguo J50) na dramu za inchi 9.5 nyuma. Vipuri vyake ni vya Delco Moraine, na vingi vinashabihiana na vya Chevelle na Nova za miaka hiyo.

Kwanza mantiki ya kiwanda, maana ndiyo inayotoa majibu mengine yote. General Motors (GM) hawakumalizia breki ili zipendeze. Chuma cha kusubu ni kinene, kutu ya juujuu haikipunguzii nguvu, kwa hiyo kiliachwa kitupu. Bati jembamba lililokandamizwa hutoboka likiliwa na kutu, kwa hiyo lilichovywa zinki au kadimiamu. Paipu za chuma zina ukuta mwembamba na zinabeba presha, kwa hiyo zilipakwa mchanganyiko wa madini mawili laini, risasi na bati. Vipuri vidogo vilivyotakiwa kushika mafuta vilipata fosfeti, utando wa kemikali unaonyonya mafuta.

Masta silinda: chuma cha kusubu, kitupu. Ngozi yake ni kijivu cha giza chenye vipele vidogo kama punje za mchanga, wakati nyuso zilizokerezwa (mdomo wa juu, uso wa mbele wenye herufi mbili zilizogongwa, uso unaokaa kwenye busta) ni kijivu cheupe kinachong'aa kidogo. Hizo rangi mbili za chuma kimoja ndizo zinazouawa na kopo la rangi. Kifuniko ni bati lenye zinki ya manjano.

Busta: manjano ya dhahabu yenye upinde wa mvua, waridi hapa na kijani pale. Hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Kalipa, diski, dramu, silinda za magurudumu: chuma kitupu.

Bloku ya kugawia na valvu: shaba ya manjano, bila kung'arishwa.

Paipu: kijivu kilichofifia. Siyo fedha inayong'aa.

Sahani za nyuma ya dramu: nyeusi isiyong'aa. Springi za ndani: zina rangi za kutambulishana, usizipake zote nyeusi.

Karibuni mkosoe na kuongeza.

#2 PwaniV8

Mkuu ChumaKitupu, asante kwa uzi. Swali la wengi: chuma kitupu kwa gari linalokaa Muscat, Mombasa au Dar kinashika kutu ndani ya usiku mmoja. Ukishasafisha masta silinda jioni, asubuhi imekuwa rangi ya chungwa. Uhalisi unalindwaje kwenye hewa ya chumvi?

#3 ChumaKitupu

Swali zuri, na jibu linategemea gari linatumikaje.

Gari la maonyesho, linalokaa ndani: safisha, kausha kwa joto, kisha futa kwa mafuta mepesi ya kuzuia kutu au nta ya maji yenye kukauka. Rudia kila baada ya miezi michache. Hakuna kinachofanana na chuma kitupu isipokuwa chuma kitupu.

Gari linalotembea pwani: rangi nyembamba ya kuiga chuma cha kusubu inakubalika, lakini kwa masharti. Masta silinda haipati joto kubwa, rangi ya epoksi yenye kikolezo (dawa ya kuigandisha) inatosha. Kalipa na dramu zinahitaji rangi ya joto la juu, ile ya silikoni inayovumilia digrii 500 na zaidi, nayo haikomai mpaka ipashwe moto kwa hatua zilizoandikwa kwenye kopo. Watu wengi hapa wanaruka kupasha, halafu tone moja la mafuta ya breki linaondoka na rangi yote. Piga koti mbili nyepesi. Koti nzito inafunika vipele vya kusubu, na jicho linajua mara moja. Nyuso zilizokerezwa zifunike kwa utepe kabla ya kupiga, kisha zipake nta tu.

Na usisafishe kwa kupiga mchanga mkali. Mchanga unang'oa ile ngozi ya giza na kuacha chuma cheupe chenye sura moja, ambacho hakijawahi kuonekana kiwandani. Tumia umeme: ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, chaja ya volti 12. Kipuri kwenye hasi, bamba la chuma cha kawaida kwenye chanya. Ampea 2 hadi 5 zinatosha, kazi ni ya usiku kucha. Bamba la chuma kisichoshika kutu usilitumie kabisa, maana linaachia kromu ya sumu ndani ya maji. Fanya nje au penye upepo, haidrojeni inatoka na inalipuka.

Ukitoa kipuri: brashi ya nailoni, maji ya moto sana, kausha kwa bunduki ya joto mpaka hata matundu ya ndani yakauke, na mafuta yapakwe kingali cha vuguvugu. Hiyo rangi ya chungwa ya asubuhi inatokana na maji yaliyobaki kwenye vipele, hewa ya chumvi inamalizia tu.

Springi usiziweke humo. Atakuja mtu wa zinki aeleze kwa nini.

#4 Mkereza

Niongezee upande wa vipimo, maana finishi ikiingia pasipofaa gari halisimami vizuri.

Sehemu za breki ambazo hazitakiwi rangi, poda wala zinki nene:

Uso wa dramu au diski unaokaa kwenye habu, na uso ambao rimu inakaa. Rangi katikati ya nyuso mbili zilizokazwa hukandamizwa na joto, inapungua unene, nati za gurudumu zinalegea zenyewe. Rangi isiyo sawa inayumbisha diski pia. Kwa diski ya Corvette ya miaka hiyo kikomo cha kuyumba ni 0.005 ya inchi, na ukiweza kufika 0.002 gari litakushukuru. Koti mbili za rangi upande mmoja zimeshakula nusu ya hapo. Safisha mpaka chuma, paka grisi ya kuzuia kugandana nyembamba kama pumzi kwenye shingo ya katikati tu, usiguse stadi (bolti za gurudumu). Kaza nati kwa kipimo, tembea kilomita 80, kaza tena.

Vituo sita vya viatu kwenye kila sahani ya nyuma, vitatu kwa kila kiatu. Hivi ni vile vibonye vilivyoinuka ambapo ukingo wa kiatu unateleza. Fosfeti ina unene wa mikroni chache, haidhuru. Rangi ya poda ina mikroni 60 hadi 100, laini, kiatu kinachimba mtaro ndani yake, kisha kinakwama kwenye mtaro huo. Dalili: breki inashika ghafla au haiachii. Kama kibonye kimeshachimbika, jaza kwa welding, saga kiwe sawa na vingine, kisha grisi ya breki ya joto la juu.

Vipimo vya kukumbuka: dramu ya 9.5 hukerezwa mpaka 9.560, ikifika 9.590 ni ya kutupa. Diski ya Camaro ya 1969 ina unene wa inchi 1.000 ikiwa mpya, chini ya 0.965 haifai. Hakuna finishi inayookoa dramu iliyopita kikomo, hata iwe na namba na tarehe sahihi za gari. Iweke kabatini kama kumbukumbu, gari lipewe dramu nzima.

Jambo la afya: viatu na pedi za miaka ya 60 zilikuwa na asbesto. Vumbi lile usilipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa kikiwa kimelowa ndani ya mfuko uliofungwa.

#5 Hamtramck70

Upande wa Chrysler una tofauti zake, watu wasinakili Camaro kwenye Charger au Road Runner.

Busta za Bendix kwenye Dodge na Plymouth za mwisho wa miaka ya 60 ni za manjano kama za GM. Lakini zile za Midland-Ross zilikuwa nyeusi. Kwa hiyo busta nyeusi kwenye Mopar (magari ya Chrysler) si lazima iwe kosa, tazama kwanza ni ya nani ndipo uitie zinki.

Kalipa za B-body (bodi za kati za Chrysler, kama Charger na Road Runner) 1966 hadi 1969 ni za Bendix, pistoni nne. Kuanzia 1970 ni Kelsey-Hayes ya pistoni moja inayoelea. Zote chuma cha kusubu.

Na la muhimu kwa anayefungua dramu kwa mara ya kwanza: mpaka modeli ya 1970, stadi za upande wa kushoto wa Chrysler zina uzi wa kinyume. Ukilazimisha kwa bomba refu unazikata. Ukichovya stadi na nati hizo zinki, ziwekee alama kwenye mifuko miwili tofauti, kwa sababu zikirudi kutoka karakana zikiwa zote za manjano hutazitofautisha kwa haraka.

#6 ZinkiManjano

Naam, tuzungumzie zinki. Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea.

Kile kinachoitwa manjano ni tabaka mbili. Chini ni zinki (au kadimiamu kwa vipuri vingi vya zamani), juu yake ni kromati. Zinki ndiyo inayojitoa mhanga badala ya chuma, kromati inailinda zinki na kuleta rangi. Kadimiamu ni sumu na karakana nyingi zimeiacha. Zinki ya manjano iliyofanywa vizuri inakaribia sana, tofauti ni kwamba kadimiamu ina mng'ao mpole kama siagi na zinki ina ukali kidogo.

Agizo lako karakana liwe hivi: zinki mikroni 8, bila king'arisha au kwa kiasi kidogo mno, kromati ya manjano. Mikroni 5 ni pungufu kwa sababu kromati yenyewe inakula sehemu ya zinki ili ijijenge. Mikroni 25 ni nyingi mno kwa kitu chenye uzi. Hesabu yake: kwenye uzi wa pembe 60, kila mikroni ya zinki inaongeza mikroni 4 kwenye kipenyo cha kati cha uzi. Mikroni 8 zinakuwa 32. Mikroni 25 zinakuwa 100, na nati haiingii tena. Wengine wanapitisha tepu kulazimisha, na hapo wameng'oa zinki yote kwenye uzi.

Kromati ya zamani ni ya kromu ya aina ya sumu, valensi sita, na ndiyo inayoleta upinde wa mvua. Karakana za leo nyingi zinatumia valensi tatu yenye rangi ya kuongezea: manjano moja tupu, kama kabati la jikoni. Omba sampuli ya bati dogo kwanza. Ukiona waridi na kijani vinacheza unapoligeuza kwenye mwanga, hiyo ndiyo. Kipuri kikikaa sekunde nyingi mno kwenye kromati kinakuwa kahawia na kinatoa unga ukikigusa. Kikitoka, kisishikwe kwa saa 24, utando ungali laini kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Sasa springi. Chuma kigumu kikiingia kwenye tindikali au umeme kinanyonya haidrojeni, kinakuwa kikavu, kinakatika chenyewe baada ya siku kadhaa bila kuonya. Springi za kurudisha viatu, waya wa kubania kifuniko, klipu, na bolti za daraja la juu ziko kwenye hatari hiyo. Bolti ngumu zikichovywa lazima ziokwe kwa digrii 190 au zaidi, kwa saa kadhaa, ndani ya saa 4 baada ya kutoka kwenye zinki. Na mpangilio ni huu: zinki, kisha kuoka, kisha kromati. Kromati inaanza kuharibika ikizidi takribani digrii 65, kwa hiyo karakana inayooka mwisho inakurudishia manjano iliyokufa. Springi za dramu mimi nasema usichovye kabisa. Zioshe, zipake rangi yake ya utambulisho, au nunua mpya.

Busta haichovywi ikiwa imefungwa. Haijalishi mtu anakuambia ameziba matundu vipi. Tindikali inaingia kwenye mshono wa nusu mbili, inabaki, na baada ya muda mshono unalia kutu juu ya manjano mapya. Lazima ifunguliwe: chora mstari kwa chuma chenye ncha ukivuka nusu zote mbili ili zirudi zilivyokuwa, kisha nusu moja izungushwe. Ndani kuna springi kubwa iliyobanwa. Bila presi na fremu ya kuishikilia, mfuniko unaruka na kuvunja mkono. Kama huna vifaa, mpe anayefanya busta pekee.

#7 PwaniV8

Mkuu ZinkiManjano, busta za kuchovywa upya mbona nyingi zinatoka na sura ya unga, kama zimenyunyiziwa barafu? Ya asili ni laini zaidi.

#8 ZinkiManjano

Kwa sababu zilipigwa shanga za kioo kwa presha kubwa kabla ya kuchovywa. Zinki haifuniki kitu, inanakili kilicho chini yake. Bati la busta lilikandamizwa kutoka kwenye karatasi laini ya chuma, likachovywa likiwa laini. Ukilipiga shanga, kila kishimo kinaonekana juu ya zinki. Ondoa kutu kwa kemikali laini, mashimo yajazwe na kusagwa, kisha msasa wa 320, 400, mwisho 600. Usifikishe kioo, maana bati la kiwandani halikuwa kioo pia.

Kinyume chake, mabano mazito yaliyokuwa na magamba ya chuma cha moto yanavumilia shanga vizuri.

#9 ChumaKitupu

Kabla watu hawajaanza kusafisha: soma kipuri kwanza. Hakuna kitabu kinachoshinda gari lenyewe kama halijaguswa. Camaro za 1969 zilijengwa Norwood, Ohio na Van Nuys, California, na mambo madogo yanatofautiana kati ya viwanda na hata kati ya miezi.

Tazama mahali ambapo hewa na mikono havikufika. Nyuma ya busta inapokutana na ukuta wa injini. Chini ya klipu za paipu. Chini ya kichwa cha bolti. Chini ya tope gumu la grisi kwenye sahani ya nyuma. Hilo tope limehifadhi rangi ya kwanza kwa miaka zaidi ya 50, liondoe kwa mafuta ya taa na brashi laini, siyo kwa presha ya maji moto.

Piga picha kabla, kwa mwanga wa pembeni. Nakili namba na tarehe. Tafuta pia madoa ya rangi: wakaguzi wa laini waliweka mpako wa brashi kwenye vipuri kuonyesha vimekaguliwa au kuvitofautisha. Hayo madoa yalipakwa kwa haraka, yana mchirizi, hayana ukingo safi. Anayeyarudisha kwa stensili na utepe ameyaharibu. Brashi ya milimita 12, rangi kidogo, mkupuo mmoja, basi.

Na kama masta silinda ina chumba kimoja tu, haitoki kwenye gari hili. GM walikwenda vyumba viwili kwa modeli za 1967, na sheria ya Marekani ikalazimisha mfumo uliogawanyika kwa magari madogo kuanzia tarehe 1 Januari 1968.

#10 Kalibu_302

Wakuu naomba hatua za fosfeti kwa anayetaka kufanya gereji. Sahani za nyuma, mikono ya breki ya mkono, na virekebishaji vya viatu.

#11 Mkereza

Kuna mbili. Fosfeti ya zinki inatoka kijivu cha wastani. Ya manganizi inatoka kijivu cha giza mpaka nyeusi, na ndiyo unayoitaka kwa nyeusi isiyong'aa. Hatua za manganizi:

1. Ondoa grisi mpaka maji yatandae juu ya chuma bila kujikusanya kama matone. Maji yakijikusanya, grisi bado ipo.

2. Piga oksaidi ya alumini laini, namba 100 hadi 120, kwa presha ndogo. Kuanzia hapa glavu safi tu. Alama ya kidole itabaki milele kama doa jeupe.

3. Chombo cha chuma kisichoshika kutu. Alumini inaliwa, usiiweke ndani kama chombo wala kama kipuri. Kipuri chenye zinki ya zamani nacho kinaharibu dawa. Kiondolewe zinki yote kwanza.

4. Changanya dawa na maji kwa uwiano wa mtengenezaji. Dawa mpya kabisa itupie kipande cha pamba ya chuma iyeyuke kwanza, maana inahitaji chuma kidogo ndani yake ili ishike sawasawa.

5. Joto digrii 90 hadi 95, lisishuke. Kipima joto cha kweli. Chini ya 85 unapata kijivu chepesi chenye mabaka.

6. Zamisha dakika 15 hadi 20. Kitatoa mapovu, kisha mapovu yatapungua. Ning'iniza kwa waya wa chuma na kitikise kila dakika chache ili mapovu yasiache madoa ya duara.

7. Suuza kwa maji ya moto. Kikitoka, joto lake lenyewe likikaushe.

8. Mara moja ndani ya mafuta ya kuzuia kutu, usiku kucha. Futa. Hapo rangi inageuka kutoka kijivu cha vumbi kuwa nyeusi yenye kina. Bila mafuta fosfeti haizuii kutu hata kidogo, ni sifongo tu.

Chuma cha kusubu kikifosfetiwa kinatoa masizi meusi yanayochafua vidole. Hayo ni kaboni ya chuma chenyewe, imeachwa juu baada ya tindikali kula chuma kandokando yake. Ndiyo maana kalipa na dramu hazifai kwa njia hii.

Virekebishaji: cha kushoto na cha kulia vina uzi unaopingana. Vifunge kila upande peke yake. Vikibadilishana, kila unapofunga breki ukirudi nyuma vinalegeza viatu badala ya kuvikaribisha kwenye dramu, na pedali inazidi kwenda chini wiki hadi wiki.

#12 Kalibu_302

Asante sana mkuu. Paipu je? Wengi wanashauri zile zisizoshika kutu kwa ajili ya pwani.

#13 ChumaKitupu

Za asili ni paipu ya chuma ya kuta mbili, bati la chuma limeviringishwa mara mbili na kuunganishwa kwa shaba nyekundu ndani ya tanuru, juu yake risasi na bati. Ukikata moja na kutazama mdomo kwa kioo cha kukuzia unaona mstari mwembamba wa shaba ukizunguka katikati ya ukuta. Huo ndio ushahidi.

Rangi yake ni kijivu cha mvua. Paipu isiyoshika kutu ni nyeupe na inang'aa kwa urefu wote, haionekani kuwa ya zamani hata kwa mita tano. Ina tatizo lingine: ni ngumu, mdomo wake haujikandamizi kwa urahisi kwenye kiti cha shaba, kwa hiyo mivujo midogo ni ya kawaida. Anayeitumia akaze, alegeze, akaze tena mara mbili au tatu ili mdomo ujitafutie kiti, na asizidishe nguvu akapasua kiti cha bloku ya asili.

Paipu ya shaba na nikeli ni salama na haili kutu, ila ni nyekundu. Shaba tupu usiweke kwenye breki, mtikisiko unaifanya ngumu na kuipasua.

Kwa anayetaka uhalisi na bado yuko pwani: paipu za chuma zilizopakwa madini ya bati, zilizokunjwa kwa kiolezo cha gari husika, halafu nta ya uwazi ndani ya klipu zote na chini ya springi za kukinga mawe. Kutu ya paipu huanzia hapo, ambapo mchanga wa chumvi unabaki umelowa. Usipige msasa wala kung'arisha. Mdomo ni wa kukunja mara mbili, digrii 45. Mdomo wa kukunja mara moja unapasuka kwenye breki, uachwe kwa mambo mengine.

Nati za paipu zinakuja na vipenyo tofauti kwa makusudi ili usikosee tundu. Ukijikuta unatafuta adapta ya kuunganisha paipu kwenye bloku ya asili, huenda umeshika paipu ya gari la dramu tupu.

#14 Hamtramck70

Mafuta ya breki nayo yaguswe, maana ndiyo adui wa finishi yote tuliyoandika.

DOT 3 na DOT 4 (madaraja ya mafuta ya breki) ni za glaikoli, zinakula rangi na zinavuta unyevu. DOT 3 mpya inachemka digrii 205 na kuendelea, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. Kwenye unyevu wa pwani badilisha kila miaka miwili, hata gari likikaa tu. Ikimwagika usifute kwa kitambaa kikavu, mwaga maji mengi kwanza, inayeyuka.

DOT 5 ya silikoni haili rangi, na ndiyo maana wenye magari ya maonyesho wanaipenda. Lakini haichanganyiki na glaikoli. Ukiiweka, mfumo wote uwe mkavu na sili zote mpya. Mimina polepole kwenye ukingo wa masta, usitikise chupa, maana inashika mapovu madogo na pedali inakuwa kama sponji. Na maji yakiingia hayachanganyiki nayo, yanatuama chini kwenye kalipa na kuchimba mashimo. Mimi kwa gari linaloendeshwa nachagua DOT 4 na umakini wa kumimina.

#15 PwaniV8

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kalipa za pistoni nne, zile za JL8 na Corvette. Mtu anataka nje ibaki chuma kitupu lakini ndani kuna mashimo ya kutu. Zikisafishwa kwa umeme kama masta, inatosha?

#16 Mkereza

Haitoshi. Kwa wasioijua, JL8 ni chaguo la Camaro ya 1969 la diski nne zilizotokana na za Corvette, dola 500.30 wakati huo, na zilizotoka zinatajwa kuwa 206 tu. Kwa hiyo kalipa hizo hazitupwi.

Kwenye kalipa ya pistoni nne sili imefungwa kwenye pistoni na inasafiri nayo, kwa hiyo ukuta wa silinda ndio unaoziba mafuta. Shimo dogo kama tundu la sindano linatosha kuvuja. Kwenye kalipa ya pistoni moja ya 1969 ni kinyume: sili ya mraba imekaa kwenye mfereji wa silinda, na uso wa pistoni ndio unaoziba. Hapo ukuta ukiwa na alama ndogo unavumilika, pistoni yenye doa haivumiliki.

Kwa hiyo ya pistoni nne ikerezwe na kuwekewa mkono (bomba jembamba la ndani) wa chuma kisichoshika kutu kwenye kila silinda. Kwa nje haionekani hata kidogo. Fanya kwa utaratibu huu: gawanya kalipa nusu mbili, safisha kwa umeme, peleka ikerezwe na kuwekewa mikono, kisha ndipo finishi ya nje. Ukianza na finishi, vibano vya lezi vitaiharibu. Tazama tundu la kupitishia mafuta kati ya nusu mbili, weka oringi mpya, na uso wa mshono usipakwe chochote.

Kitu kingine kwenye magari haya: diski ilipigwa ribiti kwenye habu, vikakerezwa pamoja kiwandani. Mtu akizitoboa ribiti ili apake au abadilishe diski, ulinganifu huo umekwenda. Diski ikiyumba inasukuma pistoni ndani na nje, sili za midomo zinavuta hewa, pedali inakuwa laini bila hata tone kuvuja chini. Watu wanatoa upepo kila wiki na hawaoni sababu. Kama ribiti zimeshatolewa, weka alama ya diski na habu, pima kwa saa ya kupimia kwenye kila moja ya nafasi tano za stadi, chagua yenye kuyumba kidogo kabisa, kaza nati zote tano kwa kipimo, zikiwa na washa (pete bapa) chini yake, unapopima. Bila nati diski inalala vibaya na kipimo kinadanganya.